Wanaosoma Maumivu Kando ya Mashine

Sindano inayomuunganisha mtu na mashine ya kusafishia damu si ile ya chanjo. Unene wake unakaribia milimita 2, na kila awamu zinaingia mbili: moja ya kuitoa damu iende kwenye kichujio, nyingine ya kuirudisha mwilini ikiwa imesafishwa. Anayesafishwa mara tatu kwa wiki, kama utaratibu unavyotaka, huchomwa mara 312 kwa mwaka. Wapo wanaomudu mara mbili tu kwa wiki, na hao ni 208. Ukitaka kuzungumzia maumivu ya mtu ambaye figo zake zimegoma, anzia hapo, kwenye ngozi ya mkono, maana hapo ndipo wagonjwa wanapomjua muuguzi wao. Wanajua ni nani wa kumpa mkono bila wasiwasi.

Mshipa wenyewe umetengenezwa na watu. Daktari wa upasuaji huchukua mshipa unaotoka kwenye moyo na ule unaorudi, akaiunganisha chini ya ngozi ya mkono. Damu yenye nguvu ikishaingia kwenye ule wa kurudi, mshipa hutanuka na kukomaa kwa wiki kadhaa hadi uweze kuhimili sindano. Njia hii waliitangaza James Cimino, Michael Brescia na wenzao mwaka 1966 huko New York, na mpaka leo haijapatikana iliyo bora kuliko hiyo. Mshipa huo unaitwa fistula. Jina hilo huwashtua akina mama wa kwetu, kwa kuwa wao wamelizoea kwa jeraha la uzazi, kwa hiyo kazi ya kuondoa hofu huanza hata kabla ya sindano kutoka kwenye pakiti.

Mtazame muuguzi mzoefu anavyouendea mkono huo. Kwanza macho: kuna wekundu, kuna uvimbe, kovu la juzi limefunga? Kisha stethoskopu, asikilize mvumo. Kisha vidole vitatu vinapanda taratibu kutoka kwenye kovu la upasuaji, vikitafuta mtetemo, ule ambao mtu aliyewahi kufanya kazi migodini angeufananisha na bomba la pampu inayonyonya maji shimoni. Mtetemo ukiwa hafifu kuliko wa juzi, hachomi. Anamwita daktari, kwa sababu mshipa unaoelekea kuziba ukichomwa kwa kulazimisha, mgonjwa ataumia bure na mshipa utapotea. Mambo yakiwa sawa anapaka dawa ya kusafisha ngozi, halafu anasubiri ikauke. Kusubiri huko ni ufundi. Dawa mbichi ikiingia na sindano huwasha, na mgonjwa akishaumia kwenye hatua ya kwanza, hatua zote zinazofuata zitamuuma zaidi. Ndipo sindano inapoingia, mdomo wake ukitazama juu, kwa mwinamo wa nyuzi 25 hivi. Damu ikionekana kwenye mrija, mkono unashushwa na sindano inasukumwa ndani ikiwa imelala. Ikifanywa na anayejua, mgonjwa haachi hata mazungumzo.

Ila kuna mtego hapa, na ndio ulionifanya niiheshimu kazi hii. Sehemu iliyochomwa mara nyingi hupungua hisia. Mgonjwa mwenyewe huionyesha: "Choma hapa hapa, sista, hapa hapaumi." Ni kweli hapaumi. Lakini ukuta wa mshipa hapo unazidi kulegea kila wiki, unaanza kuvimba kama uvimbe wa mviringo, na siku moja unaweza kupasuka. Muuguzi anayetaka kupendwa leo atachoma pale pale. Anayemtakia mgonjwa miaka mingi atasogea sentimeta kadhaa juu, kwenye ngozi inayouma, na atamweleza kwa nini. Nimekuwa nikifikiri kwamba huruma ni kupunguza maumivu, basi. Ukikaa karibu na kazi hii unaona kwamba yapo maumivu madogo anayopewa mtu kwa makusudi ili asije akapata makubwa, na kwamba namna ya kuyatoa ndiyo inayomtofautisha muuguzi na mchoma sindano.

Kuna njia ya pili, aliyoibuni Zbylut Twardowski huko Poland katika miaka ya 1970: kuchoma tundu lile lile, kwa mwinamo ule ule, mara zote, hadi ijengeke njia ndogo kama ya hereni sikioni, kisha kutumia sindano butu. Wagonjwa wengi huipenda. Masharti yake ni magumu, kwa sababu mwanzoni inataka mkono wa mtu mmoja asiyebadilika, na usafi ukilegea kidogo, vijidudu hupita kwenye tundu hilo hadi kwenye damu. Kwa wodi ambayo wauguzi wanabadilishana zamu na kuhamishwa, kuhama-hama na sindano juu ya mshipa bado ndiyo salama.

Ipo pia krimu ya ganzi. Inapakwa dakika 45 hadi saa nzima kabla ya kuchomwa, na hapo jiografia inaingia wodini. Kwa miaka mingi watu wa Geita na Shinyanga wamepelekwa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ile iliyoko kilimani tangu 1971. Kutoka Shinyanga mjini ni zaidi ya kilometa 150 za lami. Kutoka Geita, mgonjwa alipita Sengerema, akafika Busisi, akasubiri kivuko. Pengine upepo ziwani, pengine foleni ya malori. Akifika amechelewa, hakuna tena dakika 45 za krimu, maana mwenzake wa awamu ya mchana anasubiri mashine hiyo hiyo. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilometa 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025. Waliolisifu kwa biashara walikuwa na haki. Mimi nalisifu pia kwa saa zile alizorudishiwa mgonjwa wa figo. Nazo mashine zimekuwa zikisogezwa taratibu kutoka hospitali za kitaifa na za kanda kuelekea mikoani. Krimu ikishindikana, muuguzi hubonyeza barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya ngozi kwa dakika chache. Si sawa na krimu, lakini inasaidia.

Baada ya sindano kuna saa nne za kukaa. Na hapa swali linakuwa gumu zaidi: anaumwa au haumwi?

Kanda hii imelea watu wa kuvumilia. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hushuka kwa kamba ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, makumi ya mita chini, anapanda na mfuko wa mawe mgongoni, anameza kidonge cha diklofenaki alichonunua dukani, kesho anashuka tena. Zebaki anayoikoroga kwa mikono mitupu kwenye beseni kukamata dhahabu hujikusanya kwenye figo. Vidonge vya mgongo navyo huzichosha figo. Juu yake kuna presha na kisukari ambavyo hakuwahi kupimwa. Mtu wa namna hiyo akilala kando ya mashine na ukamuuliza kama anaumwa, atasema kidogo tu, hata kama meno yake yamebanana. Mzee wa Kisukuma aliyekuzwa akijua kwamba mwanaume halii mbele ya watoto hatakubali kulalamika mbele ya binti wa umri wa mjukuu wake.

Margo McCaffery, muuguzi wa Marekani, aliandika mwaka 1968 wazo ambalo wauguzi wa dunia nzima wamelishika tangu hapo: maumivu ni yale anayoyasema mwenye nayo, na yapo pale anaposema yapo. Wazo hilo liliwaokoa wagonjwa wengi waliokuwa wakiambiwa wanajifanya. Kwa mgonjwa wetu asiyesema, linahitaji nyongeza, na nyongeza hiyo wauguzi wameijenga wenyewe. Hawaulizi "unaumwa?" Wanaingilia kwenye salamu, kwa kuwa salamu haikataliwi.

"Umeamkaje, baba?"

"Nimeamka salama, mama."

"Usiku umeamka mara ngapi?"

"Aa, mara tatu, nne."

"Ni haja, au miguu?"

"Miguu. Inawaka moto. Lakini hiyo ni ya uzee."

Si ya uzee. Ni mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sumu ambazo figo hazikuzitoa, au na kisukari, na hali hiyo ina dawa. Bila swali la mara ngapi, yangebaki kwenye faili maneno "hana malalamiko".

Ili kupata kiasi, vitabu vinasema mwambie ataje namba kutoka 0 hadi 10. Kwa mtu ambaye hakukaa sana darasani, namba ya maumivu ni kitu kigeni. Katika tiba shufaa barani Afrika imezoeleka njia ya mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Ni njia nzuri, inamfaa bibi asiyejua kusoma na mtoto vilevile. Kwa anayesafishwa damu ina tahadhari moja: mkono wenye sindano hautakiwi kutikisika. Kwa hiyo muuguzi husimama upande wa mkono ulio huru, na swali analiuliza akiwa hapo, asije mgonjwa kwa heshima akainua mkono usiofaa.

Kupata kiasi ni nusu tu. Nusu nyingine, ambayo naiona ndiyo moyo wa kazi hii, ni kuyagawa maumivu mafungu mawili: yanayoleta habari, na yasiyo na habari mpya bali ni mzigo. Ya kwanza hayafai kunyamazishwa kabla hayajasikilizwa. Ya pili hayafai kuachwa eti mtu ni mvumilivu. Kuyachanganya ni hatari pande zote mbili.

Misuli kukaza ni ya fungu la kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko yote. Huja saa ya tatu au ya nne. Mgonjwa amejifunika blanketi kwa sababu damu ikizunguka nje ya mwili baridi humshika. Mkono wa mashine pekee ndio uko wazi, kwani sindano ikichomoka chini ya blanketi hakuna atakayeona. Muuguzi aliyekaa meza ya mbali anaona blanketi linasogea upande wa miguu. Kidole gumba kinajikunja. Mgonjwa hajasema kitu. Muuguzi tayari ameinuka, kwa sababu dakika moja baadaye shavu la mguu litakuwa gumu kama gogo na mtu mzima atapiga kelele.

Mikono inafanya mambo mawili kwa pamoja. Mmoja uko kwenye mashine, unapunguza au unasimamisha kasi ya kutoa maji. Wa pili umeshika kisigino na kuzisukuma nyayo kuelekea goti, kwa nguvu iliyo sawa, bila kushtua. Presha inapimwa. Ikiwa imeshuka, miguu inainuliwa, na maji ya chumvi, mililita 100 hadi 200, yanarudishwa kupitia mrija ule ule wa mashine. Mara nyingi dakika chache zinatosha.

Wengine huishia hapo. Aliyekomaa anauliza habari gani imeletwa. Mashine hutoa maji ya ziada ambayo figo zilishindwa kuyatoa, na ina mpaka: isizidi mililita 13 kwa kila kilo ya mtu kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60, saa nne, ni kama lita 3.1. Huyu ameingia akiwa na lita 4 za ziada, na awamu haiwezi kurefushwa. Kwa nini nne? Kwa sababu ni Oktoba, Shinyanga imekauka, joto halina pa kujificha, na mtu ana kiu. Kumkemea mtu kwa kunywa maji Shinyanga mwezi Oktoba ni kazi bure. Muuguzi hodari hulishika jambo kwa upande wa chumvi, kwa kuwa chumvi ndiyo inayoita kiu: mchuzi uungwe bila kiungo cha pakiti, kikombe kiwe kidogo, kipande cha barafu kinyonywe taratibu badala ya glasi nzima kumiminwa kooni.

Lakini pengine hakunywa sana. Pengine habari ni njema kabisa. Mgonjwa amepata nafuu, hamu ya kula imerudi, amejenga nyama mashavuni, amepanda kilo mbili za mwili wake mwenyewe. Kwenye faili uzito wake mkavu, yaani ule anaotakiwa kubaki nao baada ya maji kutolewa, bado ni wa miezi mitatu iliyopita. Mashine imeambiwa itoe kilo mbili za maji ambayo hayapo, na misuli inapiga kelele. Muuguzi anayemtazama usoni, akamuuliza suruali zinambana au zinampwaya, atampelekea daktari neno moja: huyu ameongezeka. Uzito ukirekebishwa, misuli inatulia bila kidonge. Sijui uchunguzi mwingine wa kitabibu unaonipendeza kama huo, ambao vifaa vyake ni mizani, macho na mkanda wa suruali.

Yapo maumivu ya fungu hilo ambayo hayampi muuguzi muda. Kifua au mgongo ukiuma katika dakika za mwanzo kabisa, na pumzi ikabana, inaweza kuwa mwili umekikataa kichujio. Yakija na damu kwenye mrija ikabadilika rangi, ikawa nyeusi inayong'aa kama mvinyo mwekundu, chembe za damu zinapasuka, na sababu inaweza kuwa maji yenyewe: awamu moja hupitisha lita 120 kwenye mashine, na maji ya bomba yasipochujwa vizuri dawa ya kuulia vijidudu hubaki ndani yake. Hapo mashine inasimamishwa, mirija inabanwa, na damu iliyo nje hairudishwi mwilini. Kutoa dawa ya maumivu kwanza hapo ni kuzima kengele nyumba ikiungua. Kiganja kinachouma na kupoa wakati wa awamu ni habari nyingine: fistula inanyang'anya vidole damu yao. Muuguzi huishika mikono yote miwili kwa pamoja, ya kulia na ya kushoto, ailinganishe. Kichwa kinachouma kwa mgonjwa wa awamu ya kwanza, pamoja na kichefuchefu, kinaonya kwamba damu inasafishwa haraka kuliko ubongo unavyoweza kuzoea. Ndiyo maana siku ya kwanza huwa fupi na ya polepole.

Fungu la pili ndilo linalohitaji dawa, na dawa kwa mtu asiye na figo ni shughuli. Kwanza muuguzi huomba kuuona mfuko. Kila mgonjwa ana mfuko wa nailoni wenye vidonge, na ndani yake, kati ya vya presha, mara nyingi kuna diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa la mtaani. Kama mtu bado anapata mkojo kidogo, hata kikombe kwa siku, huo mkojo ni mali: unampunguzia maji na kumpunguzia misuli kukaza. Vidonge hivyo huumaliza, na tumbo likivuja damu kwa mtu anayepewa dawa ya kuzuia damu isigande, kuna hatari. Badala yake ni parasetamo, kwa kipimo. Pia kuna wanaoomba sindano, kwa imani kwamba kidonge ni cha watoto. Sindano ya nyonga kwa mtu mwenye dawa ya kuzuia damu isigande mwilini huacha bonge la damu ndani ya msuli. Kumkatalia mzee sindano bila kumvunjia heshima kunataka maneno ya dakika kumi, na dakika kumi wodini ni nyingi.

Maumivu yakipanda, daktari anaandika tramado kwa kipimo kilichopunguzwa, na mofini kwa uangalifu mkubwa. Uganda tangu 2004 imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe, matunda ya kazi aliyoianza Anne Merriman na Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na naamini ni sheria ambayo majirani tungeiga. Hata hivyo kwa mgonjwa wa figo mabaki ya mofini hayatoki, yanarundikana. Anayeliona hilo kwanza ni muuguzi: mgonjwa amekuwa mzito wa usingizi, mikono inashtuka-shtuka yenyewe, pumzi zimepungua. Dawa ya miguu inayowaka, gabapentini, ina kisa tofauti. Mashine huisafisha pamoja na sumu. Ikimezwa asubuhi kabla ya awamu, imetupwa. Inamezwa baada ya kutoka, kwa kipimo kidogo. Muuguzi huandika hivyo kwenye karatasi ya mgonjwa, na kumwambia mke wake pia, kwa kuwa ndiye anayeshika mfuko.

Halafu anarudi. Baada ya nusu saa au saa moja anakuja tena upande wa mkono ulio huru na kuomba vidole. Vilikuwa vinne, sasa ni viwili. Anaandika. Kinachoandikwa ni kingi kuliko mtu anavyodhani: sindano ziliingia wapi, maumivu yalikuwa ya nini, yalianza saa ngapi, kilifanyika nini, yalibaki kiasi gani.

Ufundi huu haupatikani chuoni pekee. Anayejifunza huanzia kwenye mishipa minene iliyokomaa, mkuu wake akiwa amesimama begani, na kanuni ni kwamba ukikosa mara mbili unampisha mwenzako. Huchukua miezi. Ndiyo maana inauma kuona muuguzi aliyeiva akihamishiwa wodi nyingine kwa sababu ratiba imetaka. Wagonjwa huuona uhamisho huo mikononi mwao ndani ya wiki. Waliokaa muda mrefu kwenye viti hivyo wamekuwa walimu. Binti mpya akisita, mzee wa Kahama mwenye fistula ya miaka mitano humwambia apande juu kidogo, hapo anapopagusa kuna kona, sindano itagonga ukuta. Binti anapanda juu. Mkuu wake anamwambia aiandike hiyo kona kwenye faili, na achore.